Majira ya Baridi Niliyomfundisha Ithel Kusema

Novemba 6, 1898, Jumapili

Leo Ithel Prys amewalaza watu usingizi. Sisemi kwa mfano. Chimbo limefungwa tangu Septemba, watoto wana njaa, uwanja umejaa wanaume waliokuja na hasira zao mkononi, halafu huyu bwana anapanda juu ya gari la mawe, anatoa karatasi mfukoni na kuanza kutusomea hesabu. Tani ngapi za mawe ya kuezekea zilitoka, tani ngapi zilikataliwa, asilimia hii, asilimia ile. Mzee Ebnesar alikuwa mbele yangu akikoroma. Mvua inamwingia mdomoni na bado anakoroma!

Msemaji wetu wa siku zote, Tudwal, yuko jela kwa kumng'oa polisi meno. Kamati ya mgomo ikamchagua Ithel kwa sababu ni mwaminifu, kana kwamba uaminifu unasikika mpaka nyuma ya uwanja.

Baada ya mkutano wakanifuata wote. "Mzee Meurig, wewe ndiye rais wa kibanda. Tufundishie huyu mtu."

Kibanda ni pale tunapokula chakula cha mchana kule chimboni. Wengine duniani wakila, hula tu. Sisi Wawelisi tunakula huku tukishindana kuhutubia. Mtu anapewa mada papo hapo, anasimama, anasema. Akichosha, watu wanagonga vikombe vya bati kwa vijiko mpaka akae chini. Mimi nilikuwa mwamuzi wa mashindano hayo mpaka vumbi la mawe liliponijaa kifuani. Nimewaliza wanaume wenye ndevu kwa hukumu zangu. Nimekubali kumfundisha.

Novemba 8

Somo la kwanza, jikoni kwangu. Nikamsimamisha Ithel mbele ya meko, nikakaa na kikombe changu na kijiko.

"Haya, sema."

"Ndugu wafanyakazi, tukizingatia takwimu za mwaka uliopita..."

Nikagonga.

"Sijamaliza, mzee."

"Wao wameshamaliza. Wako nyumbani wanamenya viazi. Anza upya."

Akaanza upya, nikagonga. Akaanza tena, nikagonga tena. Ni mtu wa miaka thelathini, ana mke, ana adabu zake, na bado nikamgongea mpaka masikio yakawa mekundu. Mwisho akapasuka: "Mimi leo asubuhi nimemwona mke wangu anachemsha maganda ya viazi! Anadhani nimelala! Amekunywa yale maji, viazi vyenyewe kaniachia mimi!"

Nikaweka kijiko chini. "Ndiyo hiyo."

"Ndiyo ipi?"

"Hotuba yako. Anzia kwenye maganda. Tani hazimo tumboni mwa mtu. Maganda yamo."

"Lakini hiyo ni aibu ya nyumbani kwangu, Mzee Meurig."

"Basi itoe wewe kwanza. Utaona wenzako watakavyozitoa zao."

Novemba 9

Mvua. Binti yangu Nanw kaniletea nusu mkate, na mtoto Mabli mgongoni. Yeye na mumewe Idwal wanakaa chini ya kilima, hatua chache tu. Idwal ni mtu mwema, lakini Mungu alimnyima ulimi. Katika miaka yote kibandani hakuwahi kusimama kusema, na huwezi kumwamini sana mtu wa namna hiyo.

Novemba 13

Ithel anashika haraka. Leo tumefanya zoezi la kunyamaza.

"Ukifika pazito, nyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu akohoe. Akikohoa wa kwanza, usikurupuke. Msubiri wa pili."

Nikamfundisha pia kutazama uso mmoja, si bahari ya kofia. Na kuwauliza watu swali ambalo jibu lake wanalo mdomoni tayari, maana mtu akishakujibu mara moja ameingia kwenye hotuba yako, hatoki. Na asiseme "waliokufa chimboni." Aseme "Gutun," kwa sababu Gutun, kamba yake ilipokatika, tulimbeba sisi wenyewe juu ya mlango wa mbao, na mguu wake mmoja tuliuleta baadaye ndani ya gunia.

Novemba 19, Jumamosi

Ajabu! Sijui niandike nini kwanza.

Ithel alipanda bila karatasi. Akasema, "Mke wangu anakunywa maji ya maganda." Akanyamaza. Nikasikia kikohozi, akasubiri. Cha pili. Wanawake upande wa ukuta wakaanza kulia, na si kwa kificho. Halafu akauliza, "Nani ana ufunguo wa chimbo?" Uwanja mzima ukaitika, "Meneja!" "Nani anakula nyama leo?" "Meneja!" "Nani alisema kamba ya Gutun bado nzima?" "Meneja!"

Tukaenda kwa meneja. Hakuna aliyesema twende, miguu ilijiendea. Madirisha yake yote ya mbele yamekwisha. Polisi wakatoka nyuma ya nyumba na marungu, wakapiga kichwa chochote walichokiona, mpwa wake Ebnesar akapigwa usoni, jicho limetoka. Nilimwona amekaa njiani akilishikilia kwa kiganja, hataki mtu amguse. Ndipo na sisi tukawageukia. Nilirusha jiwe moja tu, kwa sababu ya kifua. Lilipata.

Hukumu yangu: kuanza, vizuri mno. Kunyamaza, vizuri. Maswali, vizuri kupita kiasi. Mwisho aliurefusha.

Novemba 26

Theluji. Wameletwa polisi wengine kutoka Uingereza, hawajui hata neno moja la lugha yetu. Wananisimamisha mimi njiani kwa kuwa ujanani nilifanya kazi bandarini Liverpool na Kiingereza nakijua. Leo mmoja alinitukana kwa Kiingereza nikamrudishia kwa Kiingereza chake hicho hicho, akashtuka kama aliyesikia kondoo anaongea.

Kila nyumba ya mgomaji imebandika karatasi dirishani: Hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Yangu nimeibandika vizuri, haina mkunjo.

Desemba 4, Jumapili

Ithel ananiomba nimfundishe kughani.

Nilisita. Hicho si kitu cha kufundisha ovyo. Kila mtu hapa amekulia kanisani, anajua mhubiri mzuri anapofika mwisho wa mahubiri haongei tena. Sauti inapanda, inaanza kutembea kwa mapigo, inashuka, inapanda, na watu wanaitika "Amin! Amin!" mpaka madirisha yanatetemeka. Wenyewe tunaita hwyl. Ukianza hiyo, maneno yamekwisha kazi. Mtu hakusikilizi tena, anakufuata.

"Ni ya mwisho tu," nikamwambia. "Uwe umeshasema lako lote, likaeleweka. Usiitumie kueleza kitu. Usiitumie ukiogopa."

"Nimekuelewa, mzee wangu."

Akajaribu. Lo! Sauti ya mtu aliyekuwa anasoma asilimia! Nywele zilinisimama. Nilijisikia fahari kama baba.

Desemba 10

Stesheni. Walikuja wasaliti kwa treni kutoka kusini, kampuni imewakodi wafanye kazi zetu. Ithel akaghani juu ya tuta la reli, na sisi tukashuka. Nimeona mtu anaburutwa kwa ndevu kutoka ndani ya behewa. Nimeona Ebnesar, mzee mzima, shemasi wa kanisa, anamkanyaga mtu mkono mpaka ukalia. Polisi mmoja kafa au karibu ya kufa, wengine wanasema hiki, wengine kile. Damu kwenye theluji inaonekana nyingi kuliko ilivyo.

Treni ikarudi nao. Tuliimba njia nzima mpaka nyumbani.

Hukumu: hana mpinzani kaunti hii.

Desemba 25

Krismasi. Viazi na chumvi. Hakuna cha kuandika.

Januari 7, 1899

Harri, yule aliyerudi kazini peke yake wiki jana kampuni ilipofungua tena lango la chimbo, ametolewa nyumbani kwake baada ya mkutano na kuvunjwa mguu kwa nyundo ya kupasulia mawe. Mbwa wake alijaribu kuzuia, wakamuua mbwa. Ithel hakumgusa mtu. Alikuwa amesema tu, huku akighani, "Yuko mmoja kati yetu anayekula mkate wetu!" Hakumtaja. Hakuhitaji.

Jioni Idwal alikuja. Alikaa mlangoni na kofia yake mkononi, akachukua muda wote wa chai kabla ya kufungua mdomo.

"Baba, mnajua mnachokifanya?"

"Nani amekufundisha kuhutubia leo?"

"Sihutubii. Nauliza. Harri ana watoto."

"Gutun alikuwa na watoto! Na sisi tuna watoto! Ukitaka kujibizana na mimi, panda garini Jumamosi tukusikie, tuone kama vijiko havitapasuka."

Akavaa kofia, akaondoka. Nilicheka peke yangu kwa namna nilivyomweza.

Januari 11

Mabli anaumwa kifua. Anavuta pumzi kama mlango wenye kutu. Daktari anataka mtoto akae karibu na moto usiozimika, na apewe maziwa. Makaa tunayatoa wapi? Kamati imempa Nanw ndoo moja.

Januari 15, Jumapili

Karatasi haipo dirishani kwa Nanw.

Nilidhani upepo. Nikaenda karibu, gundi bado ipo kwenye kioo, karatasi imebanduliwa kwa mkono. Ebnesar akanipita akasema bila kusimama, "Mkweo ameonekana njia ya chimboni asubuhi ya jana. Pole sana, rais."

Kanisani Nanw na Idwal waliingia wakakaa benchi letu, lile ambalo marehemu mama yake alikaa mpaka anakufa. Waliokuwa nyuma wakasimama, wakahama. Wa mbele wakahama. Benchi likabaki na watu wawili na mtoto anayekohoa, na watu wote wakanitazama mimi nilivyosimama mlangoni.

Nikaenda kukaa na Ebnesar.

Januari 16

Nanw alikuja. Sikumkaribisha.

"Baba, mtoto alikuwa anakufa."

"Watoto wengine je? Wao hawafi?"

"Wa kwangu ni huyu." Hakupandisha sauti. "Moto sasa unawaka. Jana usiku amelala. Njoo umtazame walau."

"Nyumba ile siijui."

"Ni hatua chache tu, baba."

"Nimesema siijui."

Alijitanda shali yake kichwani. Kisha akaondoka. Mwenzenu sikulala.

Januari 22, Jumapili

Benchi vile vile. Nimekaa na Ebnesar.

Januari 28

Naogopa, na niseme wazi kwamba naogopa.

Leo nilimtazama Ithel vizuri akiwa juu ya gari. Zamani alikuwa akimaliza anashuka, ananijia, anauliza, "Vipi mzee, ule mwisho ulikuwaje?" Sasa haniulizi. Akimaliza anabaki pale juu amefumba macho huku watu wanaguruma chini yake, kama mtu anayeota moto. Hotuba yenyewe ilikuwa ya ugawaji wa unga. Unga! Akaighani, na watu wakaenda kumchomea muuza duka banda la farasi. Farasi wawili walikuwa ndani. Kelele zao zimesikika bonde zima.

Nilimuuliza, "Kulikuwa na haja gani ya kughani habari ya unga?"

"Nikisema kawaida wanakohoa, mzee."

"Si ndivyo nilivyokufundisha? Usubiri."

"Wanakohoa mpaka wa tatu."

Februari 9

Ithel alikuja mchana, amekonda. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mzee Meurig, nimekuja kama mwanao. Jumamosi baada ya mkutano wanataka kwenda kwa Idwal. Wamekubaliana. Mafuta ya taa wameshapata."

Nilikaa chini. Niliyasikia maneno lakini nilichokiona ni Nanw na mtoto chumba cha juu, na ngazi ile ya mbao.

"Na wewe?"

"Mimi nataka niwazuie. Yule mtoto hajakosa kitu. Na Nanw alimletea mke wangu mkate mwezi wa Novemba, nusu ya mkate wake."

Hiyo nusu nyingine ndiyo aliyoniletea mimi. Nilikuwa sijui.

Tukashona hotuba mimi na yeye. Aanze na ule mkate. Amtaje Nanw, si "familia ya msaliti." Aseme wazi, hakuna wa kugusa nyumba ile, mwanamume yeyote aende kwake. "Na Ithel, tafadhali," nikamwambia, nikamshika mikono, "usighani. Sema kama unavyosema na mimi sasa hivi. Wakigonga vijiko, waache wagonge."

"Wakigonga?"

"Waache wagonge."

Nikaenda kwa Nanw kumwambia wahame. Nilibisha hodi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Idwal alifungua. Akasikiliza yote, akasema, "Mtoto hawezi kutolewa kwenye baridi, baba. Daktari amekataza. Asante kwa kuja." Akanipisha nipite nimtazame Mabli. Amenenepa mashavu.

Februari 11, Jumamosi

Mkono wa kulia umevunjika, naandika kwa wa kushoto. Nitaandika yote.

Ithel alianza vizuri. Alisema, "Mwezi wa Novemba mke wangu aliletewa nusu mkate." Akanyamaza. Wakakohoa. Akasema, "Aliyeuleta ni Nanw, binti ya Meurig." Hapo ndipo niliposikia kijiko cha kwanza. Mtu mmoja tu, huko nyuma, ti-ti-ti kwenye bati. Halafu wa pili, halafu uwanja mzima unagonga. Nilikuwa nimesimama chini ya gari, nikamwinulia mkono: sema tu, endelea, sema. Alinitazama. Nilimjua macho yale. Ni macho ya mtu wa takwimu, aliyewahi kulaza watu usingizi, anaona siku zile zinamrudia.

Akapandisha sauti.

"Msiiguse nyumba ya Idwal!" akaghani. "Msiuvunje mlango wake! Msiyavunje madirisha yake! Mafuta yale yamwageni, na moto ule uzimeni, na mtoto yule mwacheni alale!"

Mungu wangu! Kila neno lilikuwa sahihi. Na sauti ilikuwa ile ile ya stesheni, ile ile ya Harri, ile ya farasi. Majira yote ya baridi sauti ile ilikuwa inawaambia kitu kimoja. Hakuna aliyekuwa anasikiliza maneno, kama kanisani hakuna anayesikiliza maneno ikishafika pale. Vijiko vikaacha. "Amin!" wakaitika. "Nyumba ya Idwal!" "Amin!" "Mlango wake!" "Amin!" Ebnesar alikuwa analia machozi kwa utamu wake. Ithel akaona wameacha kugonga, akadhani wamekubali, akazidi kupanda. Mimi napiga kelele, "Nyamaza! Nyamaza wewe!" na kifua hiki hakitoi sauti ya kumfikia mtu wa mbele yangu.

Wakageuka, wakaanza kukimbia kuteremka kilima. Ithel nyuma yao, anaita, "Nimesema msiende! Nimesema msiende!" kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwahi kumfikia mtu.

Nilipita njia ya kondoo, nikafika pamoja na wa kwanza. Nikapanda kizingiti cha mlango. Nikawa nimewakabili, wote watu wangu, wote nimewahi kuwaamua kibandani. Nikafungua mdomo. Mimi, rais! Nikasema, "Ndugu zangu..." wakanigongea vijiko. Walikuja navyo. Walinigongea huku wanacheka, halafu mmoja akanitupa pembeni, nikaangukia ukuta wa mawe na mkono ukavunjika chini yangu.

Mlango haukuvunjwa. Idwal aliufungua mwenyewe, akatoka, akaufunga nyuma yake, nikasikia Nanw anatia komeo kwa ndani. Ninaamini walikuwa wamepatana hivyo. Hakusema kitu. Alisimama na mikono yake mitupu.

Cadfan, mlipuaji wa baruti kule chimboni, alimpiga wa kwanza kwa nyundo, begani. Ebnesar akamshika nywele. Wakamwangusha, wakawa wengi mno sikumwona tena, niliona viatu tu vinapanda na kushuka. Viatu vyetu vya chimboni vina chuma mbele. Mtu mmoja alimwaga mafuta mlangoni, kiberiti kikagoma kwa sababu ya mvua, kikagoma tena, akakitupa na kurudi kupiga teke kama wenzake. Nilitambaa nikafika miguuni mwao, nikapigwa na mimi, nikakishika kiatu cha Cadfan kwa mkono uliobaki, akanipiga teke la mdomo.

Walipochoka waliacha. Sijui ni nini kiliwachosha. Wakaondoka mmoja mmoja, hawatazamani.

Idwal alikuwa bado anapumua.

Februari 13

Idwal amefariki alfajiri, akiwa amemshika Mabli mguu. Hakupata kusema.

Nanw hajanisemesha neno.

Inspekta wa polisi Mwingereza amepita nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyeona kitu. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa kubwa. Alipofika kwangu akanitazama mdomo na mkono, akaniuliza nani. Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa kubwa.

Februari 16

Tumezika.

Walikuja wote. Kwetu mtu akifa kijiji kizima kinamsindikiza na wanaume wanaimba kaburini, sauti nne, hata kama marehemu ulikuwa na neno naye. Walivaa nguo nyeusi. Cadfan alikuwepo, amenyoa. Ebnesar alikuwepo, ameshika Biblia. Ithel alisimama mbali kidogo, chini ya ukuta, uso wake umekuwa wa majivu. Inspekta alikuwa kwenye lango na polisi wake, wamevua kofia kwa heshima.

Jeneza lilipoteremka wakavuta pumzi waimbe. Nanw akainua mkono.

"Msiimbe."

Wakanyamaza. Mtoto alikuwa begani kwake amelala. Nanw hakupanda juu ya kitu chochote. Hakupandisha sauti. Mtu wa nyuma ilibidi ainame ili amsikie, na waliinama.

"Cadfan, wewe ulimpiga nyundo begani. Nilikuwa dirishani. Ebnesar, wewe ulimshika nywele na kumwangusha. Ulinibatiza wewe. Lewsyn, uliruka juu ya kifua chake, ukashuka, ukaruka tena. Deio, ulimwaga mafuta mlangoni ukijua nimo ndani na huyu. Ithel Prys, wewe hukumgusa. Uliwaleta."

Aliwataja hivyo hivyo, kila mmoja na alichokifanya. Alikuwa anamtazama mtu usoni, anamaliza kwake, anakwenda kwa mwingine. Nimeamua mashindano ya hotuba maisha yangu yote. Sikuwahi kuona watu wamesikiliza namna ile. Hakukuwa na kikohozi.

Kisha akasema, "Nimemaliza," akachukua udongo.

Mimi hakunitaja. Ningependa angenitaja.

Inspekta alikuwa ameona nyuso za watu. Hakuelewa neno, lakini nyuso alizielewa. Akapita katikati yao mpaka nilipo, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, "Huyu mwanamke amesema nini?"

Ebnesar alikuwa kando yangu. Akanong'ona kwa lugha yetu, midomo haitikisiki, "Mwambie alikuwa anaomba." Mwingine nyuma akasema, "Mzee Meurig. Una karatasi dirishani." Cadfan alinitazama tu mkono uliofungwa. Ithel alikuwa anatikisa kichwa, na hata sasa sijui kama alikuwa ananiambia nisiseme au niseme.

Nikamtazama Nanw. Alikuwa ananipa mgongo, anatupia udongo.

"Amesema," nikamwambia inspekta, "kwamba Cadfan alimpiga nyundo begani." Nikamwonyesha Cadfan. "Amesema Ebnesar alimshika nywele." Nikamwonyesha. Sikupamba, sikunyamaza mahali popote, sikupandisha sauti. Nilikwenda mpaka mwisho kama mtu anayesoma tani. Nilipofika kwa Ithel nilisema alivyosema Nanw, kwamba hakumgusa, kwamba aliwaleta. Kisha nikaongeza langu, ambalo yeye hakulisema: "Na mimi ndiye niliyemfundisha."

Februari 18

Wamechukuliwa kumi na mmoja, Ithel mmojawapo. Alipanda gari la polisi bila kusukumwa.

Jana watu wa kijiji walikuja kwangu. Madirisha yote yamekwisha, na mlango wamepaka kinyesi. Nanw na Mabli walikuwa tayari wamehamia hapa, kule hakukaliki. Tulikaa jikoni sakafuni mpaka mawe yalipokoma, mtoto katikati yetu, hakulia. Leo asubuhi Nanw amefagia vioo, ameziba dirisha kwa godoro la marehemu mama yake, ameweka sufuria motoni. Nilikuwa nimekaa naandika haya. Hajasema na mimi tangu Jumamosi ile.

Sasa hivi amesimama nyuma yangu.

"Baba," amesema, "sogea hapa penye moto. Uji unapoa."